Dawa ya Ngozi Itokayo Baharini: Je, ni ya Kidonda au ya Pambo?

Siku moja mama mmoja alimleta mtoto wake katika dispensari ya kijiji, nasi tulikuwapo tukingoja zamu yetu. Mtoto alikuwa na ukurutu. Ngozi ya viwiko na ya nyuma ya magoti ilikuwa imekauka na kupasuka, naye alijikuna mpaka damu ikatoka. Mwuguzi akauliza: «Mama, umempaka nini?» Mama akafungua fundo la kitenge, akatoa kopo dogo la pomada. «Hii, munganga. Nilinunua sokoni. Dada yake anaipaka usoni apate kung'aa. Mwanzo ilimsaidia mtoto sana. Sasa nikiacha siku mbili tu, ugonjwa unarudi kwa nguvu kuliko zamani.»

Mwuguzi akasoma maandiko madogo ya kopo, akatikisa kichwa. Ndani mlikuwa na dawa kali ya kutuliza uvimbe wa ngozi, dawa ambayo daktari huitoa kwa kipimo na kwa siku chache. Lakini sokoni iliuzwa kama pambo, bila kipimo na bila shauri. Dada aliitumia kuutafuta weupe, na mdogo wake aliitumia kuutafuta uzima. Na wote wawili walikuwa katika hatari.

Tulirudi nyumbani tukiwaza. Kitu kile kile, kopo lile lile: huyu anakitaka kwa kidonda, yule anakitaka kwa pambo. Jambo hilo likatukumbusha habari nyingine, ya mbali sana, ya dawa iliyopatikana chini ya bahari ya visiwa vya Bahamas. Wasomaji wapenzi, twataka kuwasimulia habari hiyo, maana ndani yake mna swali ambalo kila mtu mwenye dhamiri yampasa kujiuliza: Kitu chenye nguvu ya kutuliza ugonjwa kikitumiwa kwanza kwa pambo, je, kuna kosa? Na kama kosa liko, ni la nani?

Moto ndani ya ngozi

Kwanza tufahamu uvimbe ni nini. Zamani sana, yapata miaka elfu mbili iliyopita, Mrumi mmoja jina lake Celsus aliandika kitabu cha uganga. Alitaja alama nne za uvimbe: wekundu, kuvimba, joto na maumivu. Baadaye waganga wakaongeza alama ya tano: kiungo kushindwa kufanya kazi yake. Celsus aliandika kwa kuangalia watu wa kwao. Katika ngozi nyeusi wekundu hauonekani wazi. Pengine mahali penye ugonjwa pawa peusi zaidi, au pana rangi ya zambarau. Ndiyo maana mganga aliyejifunza kwa picha za ngozi nyeupe tu aweza kukosa kuuona ugonjwa ulio mbele ya macho yake.

Uvimbe wenyewe si adui. Ni askari wa mwili. Mwiba ukikuchoma, chembe za ngozi zilizoumia hutoa ishara, mishipa ya damu hupanuka, na chembe nyeupe za damu hutoka kwenda kupigana na uchafu. Moja ya ishara hizo huitwa prostaglandini. Mwaka wa 1971 bingwa mmoja wa Uingereza, John Vane, alionyesha kwamba aspirini hutuliza maumivu kwa kuuzuia mwili usifanye prostaglandini. Kwa kazi hiyo alishiriki tuzo la Nobel mwaka wa 1982.

Lakini yako magonjwa ambayo ndani yake askari hawarudi kambini. Vita vimekwisha, nao wanaendelea kuchoma nyumba za raia. Ndivyo ulivyo ukurutu, na ndivyo ulivyo ugonjwa wa magamba uitwao psoriasisi. Hapo yahitajiwa dawa ya kuwatuliza askari. Tangu mwaka wa 1952 waganga walianza kupaka juu ya ngozi dawa iitwayo hidrokotizoni, na baada yake zikaja ndugu zake zenye nguvu zaidi. Ni dawa njema zikitumiwa kwa akili. Walakini zile kali, zikipakwa miezi na miaka, huifanya ngozi kuwa nyembamba kama karatasi, huacha michirizi, hufungua mlango kwa maradhi ya kuambukiza, hata kidonda hukawia kufunga. Ndizo zilizokuwamo katika kopo la mama yule. Kwa sababu hiyo wenye elimu walitafuta dawa za namna nyingine, na baadhi yao wakaenda kuzitafuta baharini.

Mnyama aliye kama mti

Sisi watu wa bara tumezoea maziwa. Nchi yetu ya Kongo inagusa bahari kuu mahali pembamba tu, huko Moanda na Banana, kilometa 40 hivi. Kwa wengi wetu bahari ni habari ya kusikia. Basi tueleze. Chini ya bahari yenye joto wamo wanyama wasiotembea. Wako sifongo, na wako matumbawe. Hushika mwamba kama mti ushikavyo udongo, nao huishi hapo mpaka kufa. Samaki akija kuwatafuna, hawawezi kukimbia. Hawana meno wala kucha. Silaha ya wengi wao ni moja: hutengeneza ndani ya miili yao vitu vikali, vichungu, ambavyo adui akivionja huenda zake. Katika vitu hivyo vikali wanadamu wamepata dawa.

Wa kwanza kuionyesha njia hiyo alikuwa Werner Bergmann, aliyechunguza sifongo mmoja wa pwani ya Florida na kutangaza habari zake mwaka wa 1950 na 1951. Kwa kufuata mfano wa vitu alivyovipata, wengine walitengeneza dawa iitwayo sitarabini, ambayo tangu mwaka wa 1969 imeruhusiwa Marekani kutibu saratani ya damu.

Katika bahari ya Bahamas na visiwa vya jirani yuko tumbawe laini, mwenye matawi membamba yanayoyumba katika maji kama majani mbele ya upepo. Wataalamu humwita Antillogorgia elisabethae. Zamani walimwita Pseudopterogorgia. Mwaka wa 1986 William Fenical wa chuo cha elimu ya bahari cha Scripps, Robert Jacobs wa Santa Barbara, Jon Clardy na wenzao walitangaza kwamba wametoa kwa mnyama huyo vitu walivyoviita pseudopterosini. Walivipaka katika masikio ya panya yaliyotiwa uvimbe kwa makusudi, na uvimbe ukapungua. Nguvu yake ilishinda hata ile ya indometasini, dawa ya uvimbe iliyokuwa ikitumika sana. Tena pseudopterosini zilifanya kazi kwa njia isiyo sawa na ya dawa zilizokuwa zikijulikana.

Hapo tungedhani kwamba hatua iliyofuata ni dawa ya ukurutu, au dawa ya vidonda. Sivyo ilivyokuwa. Chuo Kikuu cha California kilipata hati za haki ya uvumbuzi, na kitu kile kikaingia katika krimu ya uso ya kampuni ya Estée Lauder, iitwayo Resilience. Watu wenye feza wakaipaka ili nyuso zao zisionyeshe uchovu wala miaka. Namna nyingine ya kitu hicho, iliyobadilishwa kidogo na watengenezaji, ilifikishwa katika majaribio ya awali kwa wanadamu ili kuponya vidonda. Lakini mpaka leo haijawa dawa ya kawaida katika hospitali.

Tusiseme upesi kwamba ni uovu. Tumtazame ndugu yake, ambaye hakutafutiwa pambo. Katika visiwa vya Palau yuko sifongo aitwaye Luffariella variabilis. Mwaka wa 1980 de Silva na Scheuer, wa Hawaii, walieleza kitu walichokitoa ndani yake, manoalidi. Baadaye ikaonekana kwamba huzuia uvimbe kwa nguvu nyingi. Kampuni moja ya dawa iliichukua, ikaijaribu kwa wagonjwa wa psoriasisi. Lakini haikupenya ngozi kwa kadiri ya kutosha, nayo majaribio yakaachwa. Hapo hapakuwa na ubahili wala tamaa. Ngozi ilifunga mlango, basi. Hata hivyo kazi haikupotea, kwa maana manoalidi imekuwa chombo cha kujifunzia jinsi uvimbe unavyoanza. Twajifunza kwamba kutoka baharini mpaka kopo la dawa ni mwendo mrefu, na wengi huanguka njiani. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Wasemao: «Hakuna kosa»

Sasa turudi kwa swali letu. Wako watakaosema: Hapa hakuna kosa lolote. Nao wana sababu tatu, tena si sababu za kipumbavu.

Sababu ya kwanza: feza ya pambo hulipa elimu. Kazi ya kuzamia, ya kuchunguza, ya kupima, hula feza nyingi. Mwanamke tajiri akinunua krimu, sehemu ya bei yake hurudi katika chuo, na wanafunzi hupata vifaa. Pasipo yeye, labda kitu kile kingelala katika kabati.

Sababu ya pili: dawa si rahisi kama krimu. Krimu ya pambo hutakiwa isidhuru. Haitakiwi kuonyesha kwamba inaponya. Lakini dawa lazima ipite majaribio matatu: kwanza kwa watu wachache, ili ijulikane kama haina hatari, kisha kwa wagonjwa kadhaa, mwisho kwa wengi, wakilinganishwa na wale wasioipata. Miaka hupita, na mara nyingi mwisho wake ni hasara. Mfanya biashara hapendi mlima akiona mteremko.

Sababu ya tatu: pambo lenyewe si kosa. Nani kati yetu asiyejipaka mafuta akienda kwenye arusi? Mama humpaka mtoto mchanga mafuta baada ya kumwosha, naye hufurahi akimwona ang'aa. Mwili si kitu cha kudharauliwa.

Sababu hizo zote tatu twazikubali. Lakini kukubali sababu siyo kukubali mwisho wake.

Tena tujihadhari na jibu jepesi la upande wa pili. Wengine husema: Kitu hiki kiliumbwa kwa kuponya, kwa hiyo kukitia katika pambo ni kukipotosha. Hoja hiyo haisimami. Tumbawe hakutengeneza pseudopterosini kwa ajili ya kidonda chetu, wala kwa ajili ya uso wetu. Alizitengeneza kwa ajili yake mwenyewe. Aristoteli, mwalimu wa Wagiriki, alisema kwamba kiatu kina matumizi mawili: waweza kukivaa, na waweza kukibadili kwa kitu kingine; yote mawili ni matumizi ya kiatu, lakini kiatu hakikushonwa kwa ajili ya kubadilishwa. Kwa kiatu twajua kusudi, kwa kuwa twamjua fundi na sababu yake ya kushona. Kwa kitu cha tumbawe kusudi la kumfaa mwanadamu halimo ndani ya kitu. Ni sisi tunaolitia.

Basi kama wajibu haumo ndani ya kitu, uko wapi? Twajibu: umo katika kujua. Kabla ya mwaka wa 1986 hakuna mtu aliyekuwa na deni juu ya tumbawe lile, kwa maana hakuna aliyejua. Mtu apitaye usiku gizani karibu na aliyeanguka mtoni, asimwone, hana hatia. Lakini mwenye taa aonaye, naye ana kamba mkononi, huyo amekuwa mdeni, hata kama kamba aliinunua kwa kufungia mbuzi. Hakuna atakayemnyang'anya kamba yake. Hakuna atakayemkataza kufunga mbuzi. Lakini asifunge mbuzi kwanza, huku mtu anakunywa maji.

Hapo ndipo tunapoliona kosa, na hapo ndipo tunapoona kwamba si la mtu mmoja. Mwenye elimu alitafuta, akapata. Mfanya biashara aliuza kile alichoahidi kuuza; hakuahidi kuponya vidonda. Chuo kilitafuta mnunuzi, na mnunuzi aliyekuja mbio alikuwa wa pambo. Kila mmoja alishika njia aliyoikuta imefyekwa. Lakini nani aliyeifyeka njia ile? Soko lina macho ya kuona feza, halina macho ya kuona kidonda. Kikunjo cha tajiri kinalipa. Kidonda cha maskini hakilipi. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Na soko si mtu wa kushitakiwa. Ni sisi sote, kila mmoja na kile anachokubali kulipia na kile anachokataa.

Mpaka kati ya kuponya na kupamba

Mtu mwenye akili atatukatiza hapa: «Je, mpaka wenyewe kati ya dawa na pambo mnaujua?» Ni swali zuri. Msichana aliyeungua moto usoni, akitafuta kitu cha kulainisha kovu ili watoto wenzake wasimkimbie, je, anatafuta pambo? Mwanamume mwenye psoriasisi mikononi, ambaye watu hukataa kumsalimu kwa mkono, akitaka ngozi safi, je, ni majivuno? La, hata kidogo. Ngozi ni mlango ambao kwao mwanadamu hukutana na mwenzake. Anayeumia ngozi huumia pia katika ujirani wake, katika kazi yake, katika ndoa yake.

Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba uso ni wa pambo na mguu ni wa dawa. Twafikiri mpaka uko mahali pengine. Kitu kinachomrudishia mtu kile ambacho ugonjwa au ajali ilimnyang'anya, hicho ni uponyaji, hata kikipakwa usoni. Kitu kinachomfanya mtu akimbie kile ambacho miaka au kuzaliwa kwake kumempa, hicho ni pambo, hata kikiuzwa katika duka la dawa. Kukimbia huko si dhambi siku zote. Mara nyingi ni udhaifu mdogo wa kibinadamu, na sisi sote tunao. Lakini haki ya kukimbia haiwezi kutangulia mbele ya haki ya kurudishiwa.

Madeni matatu

Kwa hiyo anayechukua dawa baharini, twaona ana madeni matatu.

Deni la kwanza ni kwa bahari yenyewe. Watu wa Bahamas walikuwa na biashara kubwa ya sifongo za kuoshea. Mwaka wa 1938 na 1939 ugonjwa uliingia baharini, ukaua sehemu kubwa ya sifongo hao, na vijiji vingi vikapoteza riziki. Wenyeji wanajua kwamba bahari yaweza kukauka mali yake, ingawa maji hayapungui. Katika kuvuna Antillogorgia, wazamiaji hukata matawi kwa mkono na kuacha sehemu ya mnyama ili aote tena; mahali palipokatwa huachwa papumzike miaka kadhaa. Ni desturi njema. Walakini uangalifu wahitajiwa bado, maana tumbawe huyu ana majike na madume mbali mbali, na mayai hukaa juu ya mwili wa mama. Ukikata mama wengi, umekata na watoto. Yafaa pia kutafuta njia ya kutomkata kabisa. Dawa moja ya saratani, trabektedini, mwanzo ilitolewa kwa mnyama mdogo wa bahari ya Karibi, na kupata gramu 1 tu kulitaka tani 1 hivi ya wanyama. Baadaye watengenezaji walipata njia ya kuanza na kitu kinachofanywa na bakteria katika mapipa, nayo bahari ikapumzika. Na tangu mwaka wa 2007 dawa hiyo imeruhusiwa Ulaya. Na mwaka wa 2022 wataalamu wa Marekani walionyesha kwamba matumbawe laini yenyewe yana jeni za kuanzisha vitu vya ukoo huo, na kwamba jeni hizo zikitiwa katika bakteria zaweza kufanya kazi. Mlango umefunguka. Yapasa kuupita.

Deni la pili ni kwa wenyeji wa mahali. Zamani mtu aliweza kuzamia katika bahari ya wengine, akachukua tawi moja, akarudi kwake akaandikisha uvumbuzi, na wenyeji wasipate hata habari. Sheria zimebadilika. Mkataba wa viumbe hai, uliofunguliwa Rio de Janeiro mwaka wa 1992, ulisema kwamba nchi ina mamlaka juu ya viumbe wake, na kwamba faida yapasa igawanywe kwa haki. Itifaki ya Nagoya ya mwaka wa 2010, iliyoanza kazi mwaka wa 2014, ilieleza namna ya kugawana. Marekani, nchi ya vyuo vingi vya namna hii, haikuuthibitisha mkataba wa 1992. Na mwaka wa 2023 mataifa yalikubaliana mkataba wa bahari kuu, ile isiyo ya nchi yoyote, kwamba faida ya viumbe wake nayo igawanywe. Watu wa Kongo yatupasa kuyaelewa maneno hayo vizuri. Sisi twajua nini maana ya mali kutoka katika nchi na wenyeji kubaki na mashimo. Lakini tukidai haki yetu, tusisahau kwamba kudai sehemu si kudai yote. Mwenyeji ana haki kwa sababu alilinda. Mwenye elimu ana haki kwa sababu alitoa jasho. Anayemnyima mmoja ujira wake ameharibu kazi ya wote wawili.

Deni la tatu, na lililo kubwa, ni kwa mgonjwa. Hapa hatusemi kwamba kila kitu kipatikanacho baharini kigawiwe bure. Twasema jambo dogo, liwezalo kufanyika. Chuo kinachouza haki ya uvumbuzi wake kwa mtengeneza pambo kiandike katika mapatano kwamba haki ya kutengeneza dawa inabaki wazi, na kwamba sehemu ya feza ya pambo italipa majaribio ya dawa. Hivyo mwanamke tajiri apakaye krimu atakuwa kweli amemsaidia mwenye kidonda, na ile sababu ya kwanza ya wapinzani wetu itakuwa kweli kwa matendo. Bila mapatano hayo, kusema kwamba pambo hulipia dawa ni kama kusema kwamba bia hulipia shule: huenda ikawa hivyo, huenda isiwe, na mtoto hawezi kusoma kwa huenda.

Na sisi je?

Msomaji pengine amefurahi mpaka hapa, kwa kuwa tumewasema watu wa mbali. Sasa atuvumilie kidogo.

Mwaka wa 2017 Shirika la Afya la Ulimwengu liliutia upele katika orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa. Upele! Dawa yake inajulikana, wala haihitaji kuzamia baharini. Lakini mtoto mmoja hutibiwa, kaka zake wanaolala naye kitanda kimoja hawatibiwi, na baada ya majuma machache wote wanajikuna tena. Hapo hatukosi elimu ya mabingwa. Twakosa sabuni, dawa ya nyumba nzima, na mtu wa kufuata habari. Kwa hiyo tusiseme: Tungoje dawa mpya ya ajabu. Wengi wanaoteseka kwa ngozi wanateseka mbele ya dawa iliyokwisha kujulikana.

Na zaidi ya hayo, tumwangalie dada wa mtoto yule. Katika masoko ya miji yetu dawa kali za kutuliza uvimbe zinauzwa kwa rundo ili watu wajichubue. Walizitengeneza watu kwa wagonjwa, nasi tumezigeuza pambo. Msichana hutumia feza ambayo ingetosha kununua chakula, ili apoteze ngozi njema aliyozaliwa nayo. Kisha akihitaji kupasuliwa, mganga hupata taabu kushona ngozi iliyo nyembamba. Kosa tulilowalaumu watu wa ng'ambo, yaani kutanguliza pambo mbele ya kidonda, twalifanya kwa mikono yetu, tena vibaya zaidi: wao walichukua kitu kiwezacho kuponya wakakitia katika pambo lisilodhuru; sisi twachukua dawa iponyayo na kuifanya pambo linaloumiza.

Wala tusimlaumu msichana peke yake. Nani aliyemwambia kwamba ngozi ya mama yake haipendezi? Aliambiwa na picha za matangazo, na vijana wanaochagua mchumba kwa rangi, na labda hata na shangazi aliyemsifu mdogo wake mweupe mbele ya watu. Yeye anajichubua kwa pomada. Sisi tulianza kumchubua kwa maneno. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Basi turudi mwanzo. Tuliuliza: Kitu chenye nguvu ya kutuliza ugonjwa kikitumiwa kwanza kwa pambo, je, kuna kosa? Twajibu: Kosa haliko katika pambo, bali katika neno «kwanza». Na tuliuliza: Kosa ni la nani? Twajibu: Ni la kila mtu ajuaye, kwa kadiri ajuavyo na kwa kadiri ya kamba aliyo nayo mkononi. Bingwa wa California ana kamba ndefu; mfanya biashara anayo; serikali inayo. Mama wa dispensari alikuwa na kamba fupi sana, yaani feza kidogo na kopo lisilosomeka. Lakini jirani yake ajuaye kusoma, je, hakuwa na kamba?

Siku ile mwuguzi hakumgombeza mama. Alimweleza polepole kwamba asiiache ile pomada ghafula, bali apunguze siku kwa siku, na badala yake ampake mtoto mafuta safi mara tu baada ya kumwosha, ngozi ingali na unyevu. Akamwambia amlete tena baada ya juma moja. Kisha akasema: «Na dada yake aje pia.»

Hilo neno la mwisho ndilo tulilolibeba nyumbani. Hakumwita dada ili amhukumu. Alimwita kwa sababu aliona kwamba chini ya pambo lile mlikuwa na kidonda kingine, kisichoonekana kwa macho, nacho pia chataka kuponywa. Wasomaji wapenzi, dawa ya kidonda hicho haitoki baharini. Sisi wenyewe tunayo, na yatupasa tuitoe leo.